Mbwa Asiyejua Kukataa

6 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo, na mwamkie mkaza mjomba kwa niaba yangu. Huku tuko salama. Mama, dada yako, aling'olewa jino wiki iliyopita, na tangu siku hiyo nyumba nzima tunatembea kwa ncha za vidole, maana kila kishindo anasema kinamgonga fizi. Daktari alisema maumivu yataisha kwa siku tatu. Leo ni ya kumi, na mimi nadhani amenogewa na kuletewa chai kitandani.

Nakuandikia barua kwa sababu wewe na simu hamjapatana. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za nyonga yako, ukanijibu kwamba paa limeshazibwa.

Jambo lenyewe ni hili. Katika darasa langu la tatu yuko binti wa fundi cherehani wa hapa jirani na shule. Ana kigugumizi. Mwaka jana wenzake walimcheka siku moja akisoma, na tangu hapo hajasoma mstari hata mmoja kwa sauti mbele ya mtu. Si kwamba hajui; kwenye kuandika anawaacha wote nyuma. Mama yake ameniambia kwamba nyumbani, akidhani yuko peke yake, humsomea paka kurasa nzima. Hapo ndipo nilipopata wazo. Ziko shule zinazoleta mnyama mtulivu akae na mtoto wa namna hii, mtoto amsomee. Mnyama hacheki, hasahihishi, wala haangalii saa.

Mwalimu mkuu amekubali tujaribu kwa masharti mawili: tuandike kanuni kwanza, kisha mnyama apimwe na daktari wa wanyama. Tumeunda kamati ya watu watano na mimi ndiye katibu. Kilichobaki ni mnyama, na katika dunia hii mimi namjua mbwa mmoja tu anayeweza kutulia kiasi hicho. Mjomba, niazime Karani.

Mpwa wako,
Chiriku


22 Februari

Chiriku,

Marahaba. Mwambie dada yangu kwamba mimi niling'olewa meno matatu siku moja na jioni nikatafuna nyama. Mkaza mjomba wako anasema yalikuwa mawili na kwamba nililia, lakini yeye hakuwemo chumbani.

Sisi hatujambo. Mkaza mjomba wako amejiunga na kwaya na mazoezi anafanyia jikoni, na kuku wamepunguza kutaga. Nyonga yangu ni nzima, usiniulize tena.

Karani utampata, hilo halikuhitaji barua ndefu. Ila nimecheka mpaka nimekohoa. Kanuni za mbwa kukaa na watoto, na kamati juu yake? Kanuni ni moja tu: mbwa afundishwe na mtu anayeijua kazi. Miaka thelathini na moja katika kikosi cha mbwa nimefundisha mbwa hamsini na wanne, na kuanzia kuruta hadi mkubwa wa kikosi walikuwa wakiniita Mzee Kaa. Nikisema "kaa," mbwa anakaa mpaka niseme "basi," hata ipige radi, hata upite mfupa. Karani sikumfundishia kikosini. Nilimfundisha baada ya kustaafu, hapa uani, kwa raha zangu, na ndiyo maana amewapita wote. Mwaka juzi kreti la soda lilianguka hatua moja kutoka mkiani mwake na chupa zote zikavunjika. Watu watatu walitimua mbio. Karani hakupepesa jicho.

Jirani mwenye pikapu atamleta mwisho wa mwezi. Ale mara mbili kwa siku, na asipewe chakula cha watu. Huyo daktari wenu mwambie aje na kalamu yenye wino wa kutosha, maana sifa zitamchosha mkono.

Mjomba wako


18 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Karani alifika salama, na ameleta mwujiza: Mama aliyekuwa hawezi kuinuka aliinuka siku hiyo hiyo kuja kumtazama. Sasa mbwa analala mlangoni pake, na jino halitajwi tena.

Kanuni zimekamilika. Tulikutana mara nne, na mara mbili tulikaribia kukunjana. Watoto wataingia mmoja mmoja, mtu mzima akiwepo, kwa nusu saa na si zaidi. Mikono ioshwe kabla na baada. Kila mzazi atie sahihi. Mtoto mwenye mzio, au anayeogopa, au ambaye dini ya kwao haimruhusu kumgusa mbwa, atasoma na mwalimu mwingine chumba cha pili, na ni marufuku mtu yeyote kumuuliza sababu. Hii muuguzi wa shule aliipigania mpaka sauti ikamkauka. Kadi ya chanjo ibandikwe mlangoni. Mnyama awe na mkeka wake pembeni, na akienda kujilaza pale hakuna mtoto atakayemfuata. Ziko kumi na moja kwa jumla. Zilizobaki ni za kawaida, sitakuchosha nazo.

Acha nikupe la kufurahisha. Kwa kuwa Karani hajapimwa, haruhusiwi kuingia shuleni, lakini Jumamosi fundi cherehani alikuja nyumbani kunipima gauni na akaja na binti yake. Mtoto alimwona Karani barazani, akakaa chini kando yake bila kumgusa. Sisi tukaingia ndani kimakusudi. Baada ya kitambo tukasikia sauti. Alisoma mistari kumi na mmoja, Mjomba. Alikwama, akarudia, akakwama tena, na hakuacha. Mama yake alikuwa ameshika futi ya kupimia, akanipima kiuno hicho hicho mara tatu bila kuandika kitu.

Siku ya kupimwa ni tarehe mbili Aprili. Niombee.

Chiriku


5 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Mama mzima. Mvua imetunyeshea siku nne mfululizo.

Najua unasubiri habari ya Karani, basi nitakueleza kama ilivyokuwa. Tulikutana kwenye chumba cha maktaba. Daktari wa wanyama ni mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo. Alidondosha sinia sakafuni, Karani kimya. Aliita watoto sita wamzunguke, akamwambia mmoja amkumbatie shingo, mwingine amvute sikio kidogo, Karani kimya. Akapiga magoti mwenyewe akambinya katikati ya vidole vya mguu, kwa nguvu mpaka mimi nikakunja uso. Karani alitazama mbele kana kwamba anayefanyiwa ni mwingine. Mwalimu mkuu alipiga makofi. Mimi nilijiona nimerefuka.

Kisha daktari akasema tumwache, tuone atafanya nini. Tukakaa. Dakika arobaini zilipita. Mkeka wake ulikuwa hatua tatu kutoka alipo, na maji kando yake. Hakwenda. Mwishowe daktari alinionyesha mguu wa nyuma, nikaona unatetemeka.

Hakufaulu, Mjomba. Kanuni ya tisa inasema: "Mnyama asiyeonyesha kuchoka wala kukataa asikae na watoto, hata awe mtulivu namna gani. Kukaa kimya si kukubali." Daktari alieleza kwamba mbwa asiyeweza kusema "imetosha" kwa ishara ndogo, siku moja anaweza kuisema kwa meno, na hakuna atakayekuwa ameonywa. Au hataisema kamwe, na ataharibika ndani kwa ndani huku watu wakimsifia. Kamati iliona kuwa kanuni hiyo ni ya busara.

Daktari ameruhusu Karani apimwe tena mwezi wa kumi. Usinikasirikie.

Chiriku


19 Aprili

Barua imefika. Nimeisoma mara moja, inatosha. Mbwa wangu amefelishwa kwa kosa la kutulia.

Mrudishe.

Mjomba wako


10 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Karani anakuja na barua hii, kwa pikapu ile ile. Mama alimfuata mpaka barabarani. Nimemfungia blanketi lake, na ndani ya blanketi nimeweka karatasi ya daktari. Ni orodha ya mambo ambayo mbwa hufanya akiwa hataki: kulamba midomo wakati hakuna chakula, kupiga miayo, kugeuza kichwa, kuinuka na kuondoka. Nimeiweka tu. Ukitaka itupe.

Binti wa fundi cherehani aliniuliza kwa maandishi, kwenye ukingo wa daftari lake la hesabu, Karani amekwenda wapi. Nikamwambia amekwenda kusoma. Darasani ukimya wake ni ule ule. Juzi zamu yake ilipofika alisimama na kitabu, akasimama, akasimama, mpaka mimi nikashindwa nikamwambia aketi. Unajua nilichomwambia? Nilimwambia, "Asante kwa kutulia." Nimeona aibu tangu siku hiyo.

Chiriku


30 Juni

Mjomba, shikamoo. Ni wiki saba sasa. Nilimpigia simu mkaza mjomba, akasema uko uani. Nikapiga siku nyingine, uko uani. Nimeanza kuamini umehamia huko. Niandikie hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Chiriku


3 Agosti

Chiriku,

Marahaba nyingi, maana zimelimbikizana. Umeniandikia mara mbili sijajibu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na kazi.

Karatasi ya daktari wako niliitia chini ya mguu wa meza unaoyumba, na ilifaa sana. Mbwa wangu kupiga miayo kazini! Kikosini ningemwandikia mashtaka.

Sasa sikiliza. Mapema mwezi wa sita nilimwambia Karani "kaa" pale uani, kivulini, nimsugue manyoya. Jirani akaniita nikamtazamie pampu yake iliyogoma. Pampu ikanichosha, tukaifungua yote, maneno yakanoga, nikasahau. Nilirudi baada ya saa tatu. Kivuli kilikuwa kimekwisha kuhama. Karani alikuwa pale pale nilipomwacha, juani, ulimi nje, na bakuli lake la maji liko hatua mbili. Hakwenda kunywa kwa sababu sikuwa nimesema "basi." Miaka yote ningemwita jirani aje aone mbwa wa ajabu. Siku hiyo niliketi kwenye udongo, nyonga ikanipigia kelele, sikujali, nikamshikia bakuli mwenyewe.

Jioni niliinua meza nikaitoa karatasi.

Wanasema samaki mkunje angali mbichi, na Karani ana miaka sita. Nilianza hivi. Namsugua nyuma ya sikio, mahali ninapojua hapapendi, halafu namtazama. Akifanya ishara yoyote kwenye ile orodha, naondoa mkono papo hapo na kumpa kipande cha nyama. Siku ya kwanza, hakuna. Wiki ya kwanza, hakuna. Wiki tatu, Chiriku, mkono wangu kwenye sikio la yule mbwa, na yeye ananivumilia kama raia anavyovumilia serikali. Nilijua nilichofanya. Nilifundisha vizuri mno.

Siku ya ishirini na nne aligeuza kichwa. Kwa upana wa kidole, basi. Nikaondoa mkono kana kwamba nimeungua. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa na mbwa namna ile, kama mtu aliyeambiwa leo hakuna kazi na haamini. Nikaweka mkono tena, akageuza tena, nikaondoa tena. Tulirudia hivyo mara tisa. Kisha nikaenda nyuma ya stoo kwa sababu vumbi lilikuwa limeniingia machoni.

Bado kuinuka na kuondoka hawezi. Tunaendelea.

Mjomba wako

Mwanangu, mimi mkaza mjomba wako nimeiomba kalamu. Siku hiyo hapakuwa na vumbi, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Na nyonga si nzima, analala upande mmoja. Usimwambie nimekwambia.


25 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni na mikoba mikononi, kisha nikamsomea Mama, naye akataka nianze upya. Nakuonea fahari mpaka nimewachosha walimu wenzangu. Mwalimu wa hesabu amesema nikimtaja tena mjomba wangu atahama shule.

Lakini kuna jambo nimelificha tangu Machi, na sasa nikilificha zaidi litaniozea. Nilikuandikia kwamba kamati iliona kanuni ya tisa ni ya busara. Kamati haikuileta. Kanuni hiyo niliileta mimi na nikaiandika mimi, neno kwa neno. Mwalimu mkuu hakuitaka, alisema inawakaribisha wanyama wakorofi. Daktari peke yake ndiye aliyeniunga mkono. Nilijua nikiiandika Karani anaweza kuanguka, nikaiandika hata hivyo, ilhali nilikuwa nimeshakuomba mbwa yule yule. Sikuwa na ujasiri wa kukueleza.

Niliiandika kwa sababu ya Sajini, yule mbwa wako wa kikosini. Nilikuwa na miaka tisa, nakaa kwenu wakati Mama yuko chuo cha ukunga. Mlikuwa na maonyesho ya kikosi mbele ya wageni, na Sajini alikaa saa nzima na nusu bila kutikisika, ukapewa kile cheti kilichoko ukutani sebuleni. Uliposema "basi" akainuka, chini pakawa na damu. Alikuwa amekanyaga kipande cha chupa. Nilikuuliza kwa nini hakusema. Ukaniambia, "Kwa sababu amefundishwa vizuri." Mguu wake haukupona, na sisi hatukulizungumza tena.

Nisamehe. Si kwa kanuni, hiyo sitaibadilisha. Nisamehe kwa kukuficha.

Chiriku


14 Septemba

Chiriku mpwa wangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako anaimba peke yake Jumapili hii, ameshona gauni, na mimi nimeamriwa kunyoa. Ndizo habari za nyumbani.

Nilijua tangu Aprili. "Kukaa kimya si kukubali" hayakuwa maneno ya daktari. Yalisemwa jikoni kwangu, usiku wa yale maonyesho, na mke wangu, akiniambia mimi, na aliyekuwa amekaa pale chini akijifanya anachezea vifuniko vya chupa ni wewe. Nilipoyaona kwenye barua yako nilikasirika siku kumi. Nikasema huyu mtoto nimemlea kwangu, amekwenda kuniandikia hukumu. Siku ya kumi na moja hasira ikageuka, na ilinishangaza ilikogeukia. Nilianza kuvimba kichwa. Miaka thelathini na moja kikosi kizima hatukuwahi kuandika kanuni kama hiyo, na ameiandika mtoto wa dada yangu, na alipoona itamwangusha mbwa wa mjomba wake hakuifuta. Nimemwambia jirani. Nimemwambia hata mwenye duka.

Sasa la Sajini. Umesema uliiona damu aliponyanyuka. Mimi niliiona mapema. Nusu saa haijatimia, niliona doa chini ya mguu wake, nikajua. Mkubwa wa kikosi alikuwa bado anahutubia wageni, mkono wake umenielekea mimi, na nilikuwa na neno moja tu la kusema ili yule mbwa apone. Sikulisema. Nililitaka lile jina la Mzee Kaa, na cheti nikakipata. Sijamwambia mtu hili, hata huyu anayeimba jikoni. Wewe nakwambia kwa kuwa umeandika kanuni ambayo ingenizuia.

Cheti nimekiteremsha. Ukuta umebaki na alama nyeupe, tutapaka rangi.

Karani sasa anainuka. Alianza wiki iliyopita. Anageuza kichwa, nisipoacha anaguna, nisipoacha anainuka na kwenda zake kwenye blanketi. Lakini yapo mawili ya kukueleza. La kwanza, anafanya hivyo hapa uani, nami nipo. Huko, mbele ya watu, sijui. La pili, kupimwa kwake sitakuja. Mama yako asiniandikie, na usidhani ni nyonga, ingawa nyonga si nzima. Karani akiniona chumbani atangoja neno langu. Ni lazima akatae mwenyewe, bila ruhusa ya mtu. Jirani atamleta.

Mimi nitakuwa hapa nangoja barua. Usipige simu, nitasikia ninachotaka kusikia.

Mjomba wako


21 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za nyumbani zote utazikuta mwishoni, leo sina subira nazo.

Ilikuwa jana saa nne asubuhi, chumba kile kile cha maktaba. Tulikuwa mimi, daktari, mwalimu mkuu na muuguzi. Fundi cherehani alitia sahihi na binti yake ndiye aliyechaguliwa kusoma. Nilimwonya mapema kwamba safari hii Karani anaweza kuondoka, na akiondoka si kosa lake.

Daktari alidondosha sinia. Karani alishtuka, Mjomba! Alishtuka, akageuza kichwa, akanusa sinia, akarudi kukaa. Mwalimu mkuu aliuma midomo. Daktari akaandika kitu, na nilichungulia, ilikuwa alama ya vema.

Kisha mtoto akaanza kusoma. Alichagua hadithi ndefu makusudi. Karani alilala ubavu, kichwa karibu na goti lake, na kwa robo saa sikusikia kitu kingine chumbani ila ile sauti inayokwama na kusonga. Alisoma kurasa mbili na nusu. Mimi nilikuwa nimeshika kiti.

Ndipo daktari akawaita watoto wanne waingie kwa fujo, akampa mmoja ishara amkumbatie Karani shingo na asimwachie. Karani akalamba midomo. Yule mtoto hakuachia. Karani akageuza kichwa, akapiga miayo mpaka nikayahesabu magego. Halafu akatulia kabisa. Akautazama mlango. Nilijua anamtafuta nani. Nilihesabu moyoni, moja, mbili, tatu, nikafika kumi na nne, na ile miguu ya nyuma ikaanza kutetemeka kama Aprili. Ulimi ulikuwa unaniwasha kusema "basi." Sikusema.

Akaguna. Kidogo tu, kama mzee anayetoka kwenye kiti. Akachomoa shingo, akainuka, akapita katikati yao wote, akaenda kwenye mkeka wake na kulala akitupa mgongo.

Watoto walikodoa macho. Mmoja alitaka kumfuata. Na binti wa fundi cherehani, ambaye tangu mwaka jana hajazungumza mbele ya wenzake, akanyoosha mkono kumzuia, akasema, "A-a-amekataa. M-mwacheni." Wakamwacha.

Daktari alifunga faili akasema amefaulu. Hakucheka, lakini alikwenda kuchuchumaa mbali na mkeka, akamwambia Karani asante.

Sijamaliza. Leo asubuhi darasani, zamu ya kusoma ilipofika kwa yule binti, alisimama akaniangalia. Akaniambia, mbele ya watoto thelathini na wanane, kwamba leo ha-hataki, atasoma kesho. Hakuinamisha kichwa. Nikamwambia sawa, kesho. Akaketi. Hakuna aliyecheka, Mjomba, wala sikulazimika kumkazia mtu macho. Nikageuka kuandika ubaoni.

Mama anakusalimu, mzima, anadai Karani anunuliwe zawadi. Daktari anajaza faili la kudumu, Karani atakuwa mnyama wa kwanza wa shule hii ikiwa utakubali abaki. Kuna mstari umeandikwa "Amefundishwa na," na anauliza aandike nini.

Chiriku


2 Novemba

Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Barua ilifika saa sita mchana. Niliisoma nimesimama getini, kisha nikamsomea mke wangu, na tulipofika pale Karani alipotazama mlango nilishindwa kuendelea, akaichukua akamalizia yeye. Baadaye akaja jirani, akasomewa. Kisha mwenye duka. Sehemu ya miayo wanaipenda sana.

Usiku sikupata usingizi, kwa furaha, na nyonga ilinisaidia kukesha. Jumatatu nakwenda hospitali kuipiga picha. Nimemwambia mke wangu mwenyewe kwamba inauma, na akajifanya kushangaa.

Huyo binti aliyekataa kusoma, kesho yake alisoma? Usinijibu. Akisoma ni vizuri, na asiposoma amesema mwenyewe.

Karani abaki. Blanketi lake la zamani nitamtumia. Nusu saa na si zaidi, na mkeka wake usisogezwe.

Kuhusu ule mstari: maisha yangu yote nimepewa sifa kwa mbwa waliokaa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuulizwa. Huyu ameulizwa, akajibu, na mimi sikuwepo chumbani. Kwa hiyo mwambie daktari asiweke kifupi wala jina la utani. Aandike majina yangu yote matatu, kwa herufi kubwa, na aongeze: pamoja na mpwa wake.

Mjomba wako